Mvinyo Mkavu Nilioujua kwa Masikio

Hispania sijafika, na mvinyo sijautia mdomoni hata tone, alhamdulillahi. Lakini niulize tofauti ya mvinyo wa Rioja na wa Jerez, nitakujibu kabla sijavaa miwani. Nyinyi vijana mlioingia sasa kazi ya kutembeza wageni mmenitaka niandike niliyojifunza barabarani, baina ya Nizwa na Ras al Hadd, na miye nipo tu hapa Ibra, Oman, nimestaafu, goti limefungwa kitambaa, sina pa kwenda. Basi nitaanza na hili la mvinyo, kwa sababu ndilo lililokaribia kumkosesha mwanangu mume.

Kampuni ilinichukua kwa kuwa nilikuwa na Kiarabu cha hapa, Kiswahili cha Unguja nilikozaliwa, na Kiingereza cha kuombea maji. Wahispania walipoanza kuja kwa makundi, meneja akauliza nani anaweza kusema nao. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimewasikia wakiita mafuta aceite, nikaona ni zeti ya Kiarabu hiyo. Sukari wakaita azúcar, mchele arroz. Nikasema moyoni, ah, kumbe hiki ni Kiarabu kilichopotea njia, wiki mbili nitakuwa nimekirudisha. Nikanunua kamusi ya Kihispania na Kiarabu, na balaa langu likaanzia humo.

Kwetu Unguja zabibu ni zabibu. Ikiwa mbichi kwenye kishada ni zabibu, ikiwa kavu ndani ya pilau ni zabibu. Waarabu wanazitenga: mbichi wanaiita inab, kavu ndiyo zabib. Miye nikafungua kamusi, nikatafuta zabib, nikakuta pasas. Nikafurahi. Msimu mzima nikawa nawaambia wageni, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kuwa nchi yao ni maarufu kwa mvinyo wa pasas. Watu wa watu wakawa wananitazama tu. Mzee mmoja wa Rioja, mfamasia mstaafu, nusura ashuke garini pale Izki. Alinielewa namwambia mvinyo wa babu yake ulitengenezwa kwa zile kavu kavu zilizobaki chini ya kopo.

Aliyeniokoa ni Doña Remedios. Hiyo doña ni kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa mjane wa Jerez, mwembamba, kofia ya ukindu, akileta kundi kila majira ya baridi. Siku aliponisikia alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, halafu akanikalisha chini. Zabibu mbichi ni uva, akaniambia. Pasas ni zilizokauka. Lakini akaniambia vilevile kwamba kwao sikukosea sana. Wana zabibu inayoitwa Pedro Ximénez, huichuma wakaianika juani juu ya mikeka mpaka ijikunje, ndipo wakaikamua, na mvinyo wake unatoka mweusi, mtamu, mzito kama asali yetu ya tende. Kwa hiyo kosa langu lilikuwa kweli katika pembe moja ya Hispania. Nilishusha pumzi, maana nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Akataka nilitamke jina la mji wake. Nikasema Kherez, kwa kh ya kooni, kwa sababu j yao ndiyo kh yetu, na Mwingereza haiwezi hata umpe asali. Akapiga makofi. Akanambia Waarabu wa zamani waliuita mji huo Sharish. Tangu siku hiyo akawa mwalimu wangu, kila msimu darasa moja.

Sasa sikilizeni ufundi, maana hili hamtafundishwa kwenye semina. Ukitoka Nizwa asubuhi, ngome wameshaiona, soko wameshaliona, mbuzi wameshawapiga picha, mkipita Izki tu wageni wanalala. Mgeni akilala garini anaamka na shingo inauma, na shingo ikiuma hata kasa wa Ras al Hadd atamwona mbaya. Lazima umweke macho. Mwingereza muulize hali ya hewa. Mhispania muulize kwao wanakunywa nini, kisha nyamaza uendeshe. Mpaka Ibra hutapata nafasi ya kukohoa. Na kabla ya kuingia mchangani punguza upepo wa matairi, usiwe kama mimi niliyesahau nikizungumza habari za mapipa, tukachimba kwa sahani za chakula.

Ili nisichanganye majina, niliipanga Hispania juu ya barabara yangu. Nizwa niliipa Rioja, kwa kuwa wote wana fahari ya ukongwe. Mvinyo wao mwekundu huulaza ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni, na kadiri ulivyolala ndivyo cheo kinavyopanda: crianza, reserva, halafu gran reserva, ambao hukaa miaka mitano na zaidi kabla ya kuuzwa. Wanasema unanukia vanila. Jabal Akhdar, kule juu kwenye baridi, niliupa Ribera del Duero. Zabibu ni ile ile ya Rioja, lakini kwa kuwa jua la mchana ni kali na usiku unaganda, mvinyo unakuwa mweusi na wenye nguvu zaidi. Msije mkamwambia mtu wa Rioja kwamba wa Ribera ni bora. Nilifanya hivyo mara moja, chakula cha mchana hakikulika.

Izki, penye majabali meusi, ni Priorat. Huko mizabibu mikongwe inaota juu ya mawe meusi ya vibamba, inazaa kidogo, na wageni wakiutaja mvinyo wake wanashusha sauti. Mudhaibi na uwanda wake nikaupa La Mancha, nchi tambarare, mizabibu imepandwa mbalimbali kama watu waliogombana, mvinyo mwingi wa kila siku. Hapa Ibra niliweka Penedès, kwenye mvinyo wa mapovu uitwao cava, unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa yake. Huo wanaufungua harusini, na Ibra harusi haziishi. Sur ni Galicia, pwani ya mvua, ambako mizabibu huinuliwa juu ya nguzo za mawe isije ikaoza, na mvinyo wao mweupe, albariño, wanasema una ukali wa ndimu na harufu ya bahari.

Ras al Hadd, kona ya mwisho, niliiweka Jerez kwa heshima ya Doña Remedios. Udongo mweupe kama chokaa, upepo wa bahari. Wana mvinyo unaitwa fino, ambao ndani ya pipa unafanya utando juu yake, kama maziwa yaliyopoa, na wao utando huo wanauita ua. Ukifa utando, mvinyo unageuka rangi na unabadilika jina kuwa amontillado. Mapipa yao hawayamalizi kamwe: wanachota kidogo kwenye la zamani, wanalijaza kutoka lililo juu yake, kama mama zetu walivyobakisha hamira ya jana kuchachulia unga wa leo. Haya yote niliyajua vizuri nikayasema kwa Kihispania bila kukwama. Nilijiona bingwa.

Ila kuna neno moja lilinishinda, na sikumwambia mtu. Seco. Wahispania hawamalizi sentensi mbili za mvinyo bila seco. Kamusi ikanambia yabis, yaani kavu. Mvinyo mkavu! Kitu cha maji kinakuwaje kikavu? Nikalifikiria kwa akili ya hapa kwetu. Tuna mitende inayonywa maji ya falaj, ule mfereji wa kijiji, na tuna mitende inayoishi yenyewe kwenye ardhi kavu. Basi nikaamua: mvinyo mkavu ni uliotoka nchi isiyo na mvua, na ule wanaouita dulce, mtamu, ni wa mashamba yenye maji. Ilikaa vizuri kabisa kichwani. Taabu ilikuja kwa watu wa Galicia tu, maana kwao mvua mwaka mzima na bado wanasema albariño yao ni seco. Nikawaona waongo. Nikawa nawatania, jamani, kwenu mvua hivyo, mvinyo wenu utakauka lini? Wakacheka wakanipiga bega, na miye nikadhani wananivulia kofia.

Kwa nini sikuuliza? Haya. Doña Remedios angenijibu kwa neno moja. Lakini mtu akishazoea miaka kumi kuwa yeye ndiye anayejibu, kuuliza kunamchoma ulimi.

Sasa nakuja kwa mwanangu. Zuwena alikuwa mwalimu hapa Ibra, na kijana aliyemtaka, Haitham, ni mtu wa Mudhaibi, mhandisi wa maji. Walijuana chuoni, wakatakana, Zuwena akamwambia mama yake, mama yake akaniambia miye kama vile siku hiyo ndiyo kwanza anaisikia. Posa ikaja, tukasema karibuni. Kilichobaki ni kauli ya baba wa kijana.

Baba mwenyewe ni Mzee Seif. Alizaliwa Wete, Pemba, ujana wake alikuwa baharia wa meli za mizigo, kisha akaja huku akafanya kazi serikalini mpaka pensheni. Sharqiyah nzima, mkoa wetu huu, inamjua kwa mambo mawili: hakosi safu ya mbele msikitini, na hawezi kuacha kosa likapita. Kijana akisema hii mlango, atasimamishwa pale pale mlangoni mpaka aseme mlango huu. Kiarabu chako atakisahihisha, Kiswahili chako atakisahihisha. Kuna bwana alikwenda kumpa mkono wa taazia, akatoka amefundishwa ngeli.

Basi mmoja wenu, jina simtaji na nimeshamsamehe, alinisifu mbele ya watu kwenye kahawa. Alisema ukimsikia Ammi Nassor akiutaja mvinyo wa Hispania utadhani ameuonja wote. Maneno yakatoka Ibra yakaenda Mudhaibi, na neno utadhani likaanguka njiani. Lililofika ni ameuonja wote.

Simu ikanyamaza. Wiki ya kwanza, ya pili. Zuwena hakulia mbele yangu, lakini nilimwona anaosha vikombe vile vile mara tatu. Mke wangu, Salma, aliniuliza mara moja tu, baina yangu na yeye na Mungu. Nikamwambia sijawahi. Akaniamini, akaenda kupika. Lakini Mudhaibi nitawaambia nini? Mtu aliyekunywa huonekana; ambaye hakunywa ataonyesha kitu gani? Niliijutia kila reserva niliyoitaja maishani mwangu. Nilikuwa naendesha na Wahispania nyuma, wananiuliza mbona leo umenyamaza, na miye nawajibu koo linauma.

Mwisho Mzee Seif akapiga simu mwenyewe. Alisema kwa ufupi: njoo sablani kwetu Ijumaa baada ya alasiri, tuzungumze mbele ya wazee.

Sabla ile ni ukumbi mrefu wa wanaume, mito ukutani, dalla, yale madele ya kahawa, katikati. Nilikuta wazee watano. Nikampa Mzee Seif shikamoo, akaitika marahaba, nikaletewa tende na kahawa, nikaziacha pale pale. Hakunizungusha. Aliniuliza kama ni kweli kuwa naujua mvinyo, na kama naujua nimeujuaje. Nikaona hapa uongo wa aina yoyote utanimaliza, hata ule mdogo wa adabu. Nikawaambia naam, naujua, kwa masikio. Nikawaeleza usingizi wa wageni baada ya Izki, nikawaeleza Doña Remedios na kamusi na mkosi wa zabibu. Wawili wakaanza kutabasamu. Nikawapitishia barabara yote, Nizwa kwa Rioja, Izki kwa Priorat. Mzee mmoja akataka kujua Mudhaibi nimeupa mvinyo gani, na niliposema ule wa kila siku akaonekana hakupenda.

Hapo tena yule yule akaniuliza, huo mvinyo mkavu ndio upi, maana amesikia wageni wakiagiza hotelini na hakuwahi kufahamu. Nikamjibu bila wasiwasi. Nikamwambia mkavu ni wa nchi isiyo na mvua, kama mitende isiyonywa falaj. Nikaongeza kwamba watu wa Galicia ni waongo, wanauita wao mkavu na huku mvua haiwaachi.

Mzee Seif alikuwa amekwisha kunyoosha kidole.

"Sivyo, Nassor. Mvua haihusiki kabisa. Mkavu ni ule usio na utamu. Ukiutia mdomoni unakukaza hapa pembeni mwa ulimi, na ukishaumeza unabaki kama umetafuna kokwa ya—"

Kidole bado kiko juu, kimegusa shavu.

Wallahi, nikasikia kahawa ikichemka. Wazee wote wakaangalia sahani ya tende kana kwamba leo ndiyo wameziona. Uso wa Mzee Seif ukabadilika rangi, na mkono ukateremka pole pole mpaka pajani. Miye nikaelewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, nimeokoka: mtu anayedhani mvinyo mkavu ni habari ya mvua hawezi kuwa ameuonja, na hapo ushahidi wangu ulitimia bila miye kujua. La pili, yeye ameangamia, mbele ya watu wake, na kwa neno moja kutoka kwangu hatainua tena kichwa ndani ya sabla ile. Sikwambieni uongo, kwa nukta moja nilionja utamu wake. Wiki mbili alizomtesa mwanangu zilinipanda kooni. Kisha nikamwona Zuwena akiingia kwenye nyumba ile kama mkwe, na mwenye nyumba hawezi kunitazama usoni.

Nikasema, "Ahsante sana, Mzee. Hiyo itakuwa kwenye kamusi yako. Yangu ni mbovu tangu siku ile ya zabibu."

Mzee Seif alijiweka sawa kwenye mto wake.

"Kamusi," akasema. "Naam. Ile kubwa."

"Ile kubwa," akaitikia mzee wa pembeni, na wengine wote wakasema naam, kamusi kubwa zina mambo, na mmoja akanimiminia kahawa. Safari hii nilikunywa.

Tarehe ya akdi ya ndoa ilipangwa pale pale. Aliponisindikiza mpaka garini, Mzee Seif alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaukaza, kisha akarudi ndani. Nikaingia garini, nikampigia Salma. Nililia pale mbele ya usukani, na sioni haya kuliandika, ilikuwa furaha tupu. Salma alinisubiri mpaka nikamaliza, halafu akauliza kitu kimoja tu, kama nimekula.

Msimu uliofuata nilikaa na Doña Remedios nikamwambia, Bi mkubwa, nina maneno ishirini sikuwahi kukuuliza maana yake. Akavuta kiti. Nyinyi msingoje mpaka mwitwe sablani. Ulizeni siku hiyo hiyo, hata mgeni akicheka, kicheko kinapita.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaandika, isipokuwa pale kwenye sabla. Nyote mnajua baba mkwe wa Zuwena ni nani, kwa hiyo katika daftari la kwanza sikutia ule ulimi wala lile shavu. Niliandika tu kwamba Mzee Seif alinifahamisha maana ya mkavu kwa msaada wa kamusi yake kubwa, basi. Kisha nikampelekea daftari anisahihishie ngeli, maana ni yeye, na angeudhika kama ningempelekea mtu mwingine. Ana miaka themanini na kitu sasa, na Haitham na Zuwena wamempa wajukuu watatu ambao hawathubutu kusema hii mlango.

Daftari lilirudi jana. Makosa manne ya ngeli ameyapigia mstari kwa wino mwekundu. Nilipofika kwenye neno kamusi, nikakuta amelikata. Pembeni ameandika kwa mkono wake, herufi zinatetemeka lakini zinasomeka:

"Si kamusi. Niliuonja nikiwa baharia wa miaka ishirini, bandari ya Cádiz huko Hispania, na nikatubu. Yaandike yote kama yalivyokuwa, na jinsi ulivyonisitiri."

Na chini yake: "Tena ni mvinyo huu, Nassor, si mvinyo hii."